Kitambaa Juu ya Kibao cha Kanisa

Ningekataa kile kitambaa, fundi mwenzangu angekuwa bado na mkono wake wa kuume. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asidhani ninamficha kitu. Nilikuwa na nafasi ya kukataa, nilikuwa na sababu, na sababu hizo nilizijua kuliko mtu yeyote aliyekuwapo. Nikasema ndiyo.

Walikuja akina mama watatu wa kanisa letu, Jumamosi alasiri, nikiwa nasafisha brashi kwa mafuta ya taa mbele ya nyumba yangu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliyewaongoza ni mama wa kwaya, mjane tuliyevuka naye mpaka kutoka Kivu ya Kusini, mwanamke asiyepandisha sauti na asiyerudi nyuma. Kwapani alikuwa na kitambaa kikubwa kilichokunjwa, vipande vya vitenge vilivyoshonwa pamoja.

"Papa, kesho mugeni anafika," alisema. Mgeni ni mchungaji mkuu, ambaye hakuwa amewahi kututembelea, na ndiye angezindua kibao kipya cha kanisa tulichokisimamisha kando ya barabara. "Sasa atafungua nini? Kibao iko uchi. Kila mutu anayepita mu barabara ameisha kuisoma."

"Mama, kibao kile hakifunikwi."

"Juu ya nini?" akauliza, akitaka sababu.

"Juu ya upepo."

Mmoja wa wale aliokuja nao akaangua kicheko. "Upepo! Papa, tulipita mu vita, leo tuogope upepo?"

Wakacheka wote, nami nikacheka. Ukishachekeshwa hivyo, kukataa kunakuwa kugumu.

"Bamama bote balitia mukono kwa hii kitambaa," mama wa kwaya akaendelea, akiifunua pembe moja nione mshono. "Na wewe utasimama fasi ya mbele, pembeni ya mugeni. Kitambaa ikianguka, batu baone kazi yako. Tutakupigia vigelegele mpaka kule Isingiro basikie."

Hapo ndipo aliponipata. Mimi ni mtu niliyemaliza sekondari nyumbani, nikafundisha kidogo, kisha nikawa mkimbizi. Miaka yote ya Nakivale nimeandika maneno ya watu wengine: maji ya kunywa, usipite hapa, vaa kofia ngumu, choo cha wanawake. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kibao changu akapiga kigelegele. Nilikitaka kigelegele kile. Nilikitaka vibaya.

"Haya," nikasema. "Ila kisikae juu muda mrefu."

Lazima nieleze habari za mwenzangu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, Mnyankore aliyeishi na mke na watoto Biharwe, kando ya barabara kuu ya Masaka. Goti lake la kushoto liliharibika jeshini, kwa hiyo hakuweza kulima wala kubeba mizigo. Kilichomlisha yeye na watoto wake ni mikono. Alijifunza kuchomelea vyuma katika karakana ya kambi huko Mbarara, na alipostaafu akafungua kibanda chake. Tulikutana nilipopeleka fremu yangu iliyovunjika. Aliitazama, akanitazama.

"Nani alichomelea hii?"

"Fundi mmoja wa kule kwetu."

"Huyo hapana fundi. Huyo iko adui yako."

Tangu siku hiyo tukafanya kazi pamoja. Mimi nilipima na kuandika, yeye alichomelea na kusimamisha. Alikuwa akiniita Profesa kwa sababu ya sekondari yangu, nami nilimwita afande. Tuliongea Viswahili viwili tofauti, chake cha jeshi, changu cha Kongo kilichochanganyika na cha vitabu, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayekosea.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba kibao chenyewe kinaweza kuumiza. Mimi nilidhani kazi yangu inaishia kwenye herufi: zisomeke, rangi isibabuke. Yeye, kabla ya kugusa ngazi, alisimama mahali pale karibu saa nzima akitazama watu. Wanapita wapi, wanabeba nini, mlango unafungukia upande gani, juu kuna waya wa umeme au hakuna. Aligonga ukuta kwa nyundo na kusikiliza kama daktari. Kisha alizungusha kamba yenye vipande vya plastiki nyekundu, na hapo hakuna aliyepita, awe meneja au mwenye jengo.

Nakumbuka kazi moja Bwizibwera, mahali pa kukusanyia maziwa. Mwenye mahali alitaka kibao cha kuonya kwamba sakafu inateleza, na alitaka kiwekwe juu ya mlango ili kionekane toka mbali. Nilikuwa nimeshakiandika, herufi nyeusi kwenye manjano, nzuri kabisa. Mwenzangu alikaa kwenye jiwe akatazama wanaume wakiingia na madebe ya maziwa mabegani. Nikachoka kungoja.

"Afande, tunaweka au hatuweki?"

"Profesa, wewe iko nasoma mingi, lakini hapana angalia. Ona huyu. Iko na debe begani, iko kwa sakafu ya maji. Akiinua kichwa kusoma kibao yako, nini itafanyika?"

"Atateleza."

"Na maziwa?"

"Yatamwagika."

"Kale," akasema, yaani sawa kwa lugha ya kwao. "Basi kibao yako ndiyo itamwangusha." Alicheka mpaka akashika goti lake bovu.

Tukakiweka nje, kwenye nguzo ya geti, usawa wa kifua, ambapo mtu anasimama kusubiri zamu na ana muda wa kusoma. Mwenye mahali alinung'unika. Wiki chache baadaye alituita tena, atupe kazi nyingine.

Kwa hiyo kanisa lilipotaka kibao kando ya barabara, mwenzangu alikuja Nakivale kupatazama kwanza. Ni sehemu ya wazi, na kiangazi upepo unatoka upande wa ziwa kuanzia saa tano hivi, bila kizuizi chochote. Aliokota mchanga akaurusha juu, akautazama unavyokwenda. Wazee wa kanisa walitaka bati kubwa lililochorwa. Yeye akakataa. Alisema bati la ukubwa ule juu ya nguzo mbili ndefu litasukumwa mchana kutwa mpaka lichoke. Akashauri fremu yenye wavu wa chuma, na herufi zikatwe kwenye bati na kuchomelewa juu ya wavu, moja moja, ili upepo upite katikati yake.

Nilichora herufi, akazikata. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya. Jioni, jua likiwa nyuma, jina la kanisa lilionekana limeandikwa hewani.

Tulichelewa kupata saruji, na nguzo tulizisimamisha Alhamisi, siku tatu tu kabla ya mgeni kufika. Mwenzangu hakupenda. Zege lilihitaji wiki na zaidi kukauka. Aliegemeza nguzo kwa miti minne ya mikaratusi, akazungusha kamba yake nyekundu, akanishika bega.

"Profesa, sikiza. Kwa sababu hii kitu iko na matundu, nakubali ikae. Upepo itapita. Lakini hapana mtu kuingia ndani ya kamba, hapana mtu kufunga kitu juu. Hata bendera. Hata maua."

"Nimesikia, afande."

"Umesikia ama umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilikuwa nimeelewa. Ndiyo maana siwezi kujitetea.

Asubuhi ya Jumapili nilipanda ngazi mwenyewe, nikakifunga kile kitambaa kwenye pembe nne za fremu, kwa fundo la kufunguka ukivuta kamba moja. Hapakuwa na upepo kabisa. Nilijiambia ibada itaisha mapema. Kisha nikaiondoa kamba nyekundu, nikaikunja na kuiweka chini ya benchi, kwa sababu akina mama walihitaji nafasi ya kucheza mbele ya kibao. Sikumpigia simu mwenzangu. Wazee walikuwa wamemwalika aje apewe shukrani, lakini alisema atasali kwao kwanza, hivyo nilijua atafika mambo yameshakwisha.

Ibada haikuisha mapema. Mgeni alikuwa mhubiri mzuri, na watu walikuwa wamemngoja kwa miaka. Tulipotoka nje ilikuwa saa saba imepita na vumbi lilikuwa limeanza kukimbia barabarani. Kitambaa kilikuwa kimejaa kama tumbo. Watu walikifurahia, kilikuwa kizuri kweli, vitenge vya rangi zote vikitunishwa na upepo. Akina mama walisogea mbele yake wakiimba. Mgeni akapewa ncha ya kamba, nami nikasimama pembeni yake kama nilivyoahidiwa.

"Tufumbe macho, tuombe," alisema.

Watu wote wakafumba macho. Mimi sikufumba. Nilikuwa naangalia mti mmoja wa mkaratusi, ule wa upande wa mbele. Mguu wake ulikuwa ukiteleza kwenye udongo, kidogo kidogo, kama mtu anayesukumwa huku hataki kuonekana anasukumwa. Halafu nikaona nguzo ya kushoto imeinama. Kwenye shina lake zege lilikuwa limepasuka.

Kamba ilikuwa mkononi mwa mgeni, umbali wa shubiri moja kutoka mkono wangu. Ningeinyakua, kitambaa kingeanguka na upepo ungepita. Lakini mgeni alikuwa anaomba. Alikuwa anawaombea wafu tuliowaacha Kongo, na akina mama walikuwa wanalia. Kwetu mtu hamkatizi mchungaji maombi, na mchungaji mkuu ndiyo kabisa. Nikamngoja afike kwenye amina. Nilikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, fundi wa vibao, ninaona chuma kinawaangukia watu, na ninangoja amina.

Sauti niliyosikia haikuwa amina.

"Toka! Toka! Toka!"

Mwenzangu alikuwa ameshuka kwenye bodaboda barabarani. Alikiona kitambaa toka mbali, mwenye pikipiki aliniambia baadaye, na akaanza kupiga kelele kabla hawajasimama. Alikuja akikimbia kwa goti lake bovu. Akina mama walifumbua macho wakatawanyika, ila mama wa kwaya alibaki ametazama juu, hajui aende wapi. Mwenzangu alimsukuma kifuani kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mama akaanguka chali nje ya njia ya kibao. Mkono wa kulia aliuweka kwenye nguzo, sijui kwa nini. Labda mikono yake ilizoea kushika chuma kinachoanguka. Miti miwili ikaruka, fremu ikashuka yote, na mkono ukabaki chini.

Tulikuwa wengi, tuliinua upesi. Alikuwa macho. Alinitazama nikiwa nimeshika pembe ya fremu, kitenge kimenifunika nusu ya mwili, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nani alifunga hii?"

"Ni mimi."

"Kale," alisema. Tukampakia kwenye gari kumpeleka Mbarara.

Hospitalini walijaribu siku kadhaa, kisha wakaukata mkono juu kidogo ya kiwiko. Nilikuwa kwenye benchi la nje na mke wake. Yule mama alinigawia chai kutoka kwenye chupa yake. Mama wa kwaya alikuja kila siku akiwa na chakula. Alitaka kulibeba kosa, alisema kitambaa kilikuwa chake. Nikamwambia, "Mama, wewe hukujua. Mimi nilijua." Sikusema hivyo kwa unyenyekevu, ndivyo ilivyokuwa.

Kanisa lilinisamehe haraka, haraka mno. Walisema ni shetani, walisema ni upepo. Mzee mmoja alisema Mungu alimtuma yule askari kutuokoa. Inawezekana. Lakini kama kamba nyekundu ingekuwa mahali pake na fremu iko wazi, Mungu asingehitaji kumtuma mtu.

Mwenzangu alipotoka hospitalini nilimtembelea Biharwe. Kibanda kilikuwa kimefungwa, mashine ya kuchomelea ameiuza. Alinipokea vizuri. Aliniletea kiti chenye mgongo, akaagiza maziwa, akauliza habari za Nakivale, mvua, mahindi. Aliniita mzee, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mgeni aliyeletwa na ofisi. Nilijaribu utani wetu, nikamwambia Kiswahili chake bado ni kibovu. Alitabasamu akasema, "Ni kweli, mzee." Nikatamani anitukane. Nilimwomba msamaha, naye akasema ameshasamehe, akanisindikiza hadi barabarani na kunisimamishia gari kwa mkono wake wa kushoto.

Nilirudi mara tatu zaidi. Kila mara kiti, maziwa, heshima. Mara ya mwisho mtoto alinipokea mlangoni akasema baba amekwenda Bwizibwera, na nyuma ya pazia nikasikia kikohozi ninachokijua. Nilimwambia mtoto amsalimie. Sikurudi tena.

Siandiki vibao siku hizi. Hakuna aliyenikataza. Watu bado huniita, na mimi nikifika mahali nasimama kutazama wanavyopita, nawaambia wapi pawekwe na wapi pasiwekwe, kisha nawaelekeza kwa fundi mwingine. Wengine husikiliza.

Watu hunihurumia kwa sababu nimeacha kazi. Kazi si kitu, umri wangu ungeichukua tu. Ile "ndiyo" yangu ya Jumamosi ilimpokonya mwanamume mkono uliolisha watoto wake, na mimi ikaninyima rafiki pekee niliyempata katika nchi hii. Yu hai, anaishi umbali wa safari ya nusu siku, na hataki kuniona.