Muziki Wenye Maji

Miaka ile nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, mtaa wa nyuma ya soko. Kila Jumamosi nilikuwa naenda disko, na nikirudi alfajiri masikio yanavuma, miguu inataka kuendelea kucheza hata nikilala. Rafiki yangu wa Upanga akanirushia kwenye simu muziki wa kutuliza: kinanda cha kompyuta kinachokwenda taratibu, ngoma inayodunda kwa mbali, hakuna anayeimba. Alisema nikiuweka, dakika kumi nyingi, sitajua niko wapi.

Jumapili iliyofuata, niliporudi kutoka disko, nikaunganisha simu na spika, nikajitupa kitandani na viatu vyangu. Nikapotea. Nisichojua ni kwamba katikati ngoma inanyamaza, yanaanza maji: yanachuruzika, yanajaa, yanamwagika. Na mtaani kwetu bomba lilikuwa limekauka tangu Jumatano.

Niliamshwa na mlango kugongwa. Ukumbini wapangaji wote wamepanga foleni, kila mtu na ndoo yake. Mbele kabisa, mama mwenye nyumba na madumu mawili.

"Shikamoo mama."

Akachungulia chumbani juu ya bega langu. "Mwanangu, maji unakinga peke yako?"

Nikamwambia chumbani hamna bomba, na nyumba kaijenga yeye. Akasema anajua, ndiyo maana anataka kuona. Wakaingia wote. Fundi cherehani wa chumba cha pili akachungulia uvunguni, mkewe akafungua kabati langu la nguo. Nikawaonyesha spika. Mama mwenye nyumba akaitikisa karibu na sikio, asikie kama ina kitu ndani.

Nadhani waliona aibu kuondoka na ndoo tupu. Wakakaa, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo, wakasikiliza. Kinanda kikarudi. Fundi ndiye aliyetangulia kukoroma. Mama mwenye nyumba akafuata, kaegemea dumu, mdomo wazi. Mimi mwenye usingizi wangu nikakosa pa kulala, nikatoka kukaa uani na gauni la disko, jirani ananiuliza naenda harusi ya nani.

Mama mwenye nyumba alipoamka alinifuata huko. Alisema ana miaka hajalala vile. Akanipa simu yake nimwekee ule muziki, ila nitoe sehemu ya maji, maana ilimfanya aote anafua.

Sikujua inatolewaje. Nikamwekea hivyo hivyo.