Tairi za Mbele za Vani ya Mama

Niliulizwa kama tairi za mbele zinazunguka, nikajibu zinazunguka. Huo ndio ujinga wangu, mwanangu, na nimeuweka hapa mwanzoni ili usipate taabu ya kuutafuta. Sikudanganya. Zilikuwa zinazunguka kweli. Ila zilikuwa zinazunguka kwenda nyuma wakati zile za nyuma zinakwenda mbele, na hilo nililiona kwa macho yangu haya, nikanyamaza, nikanawa mikono na kwenda zangu kuangalia video.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua sina hata ndevu. Lakini mimi niko fomu foo na wewe ni njuka, juzi tu umeshuka stendi ya Musoma na sanduku lako la bati, na kwa sheria za bweni letu hiyo inatosha kunifanya mzee wako. Soma taratibu. Mimi mwenyewe haya nimeyaandika nikiinuka na kukaa, nikienda dirishani na kurudi, kwa sababu kutulia sijajaliwa, na huko kutotulia ndiko kulikoleta mambo yote haya.

Nayakumbuka vizuri, maana ni ya likizo ya mwaka jana tu. Nyumbani kwetu ni Bunda. Mama anafanya biashara ya samaki wa kukausha: anawachukua Musoma, anawauza Bunda na vijiji vya ndani. Tangu biashara iwe ruksa, alikuwa amejipatia vani kubwa, milango miwili nyuma, ndefu kama darasa. Ililetwa na wazungu wa mradi fulani wa maji. Mradi ukaisha, maji hayakuja, vani ikabaki, ikauzwa mnadani. Kwenye barabara kuu ilikuwa inaenda kwa maringo. Ukiitoa nje ya barabara kuu mvua ikiwa imenyesha, inalala chini kama ng'ombe aliyekataa jembe.

Dada yangu Nyangeta ameolewa Mugeta. Njia ya kwenda kwao inapita kwenye mbuga ya udongo mweusi. Masika ya mwaka wa nyuma yake, alipokuwa na mimba ya kwanza, uchungu ulimshika mvua ikinyesha. Mama alitoka na vani kumfuata, ikazama mbugani. Nyangeta akaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto akazaliwa juu ya mkokoteni, hakupumua. Mama hakulizungumza sana jambo hilo. Lakini aliposikia kwamba Nyangeta ana mimba tena, na hesabu ya miezi inaangukia masika, alimwita mdogo wake kutoka Butiama.

Huyo ndiye Mjomba Masatu. Ufundi alijifunzia jeshini, na jeshini pia alijifunza kuongea kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alizunguka vani mara moja, akapiga teke tairi.

"Dada, hii naifanya foo-wili. Tairi zote zinasukuma, mbele na nyuma."

"Itapita mbuga ya Mugeta?"

"Itapita hata ziwani ukitaka."

"Ziwani sijakutuma," Mama akasema. "Nataka Mugeta."

Basi kazi ikaanza. Ekseli ya mbele tuliitoa Kiabakari, kwenye landrova iliyokufa siku nyingi, mbuzi wanalala ndani yake. Gia boksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma ilitoka kwenye gari jingine la zamani lililowekwa juu ya mawe pale Bunda. Mjomba alikata, akachomelea, akaongeza springi, vani ikapanda juu mpaka Mama akawa anaingilia kwa kigoda. Mimi nilikuwa msaidizi. Maana ya msaidizi ni kuambiwa "lete ile", halafu "siyo ile", halafu "kumbe ni ile ile". Miguu ilikuwa inaniwasha. Nikishika tochi, inacheza. Mjomba akawa ananiambia, "Wewe ungekuwa injini ungekuwa umeshakula mafuta ya nchi nzima."

Kuna jambo moja la ufundi lazima ulijue, nalo ni dogo. Katikati ya ekseli kuna tumbo la chuma, mafundi wanaliita difu. Ndilo linalopokea nguvu na kuzipeleka kwenye tairi. Tumbo la ekseli yetu lilikaa upande wa kulia, na shafti ya kuliletea nguvu ilitokea upande wa kushoto. Havikutani. Mjomba aliliangalia jambo hilo kutwa nzima, akavuta sigara zake zote na mbili za jirani, kisha akasema, "Tunaigeuza." Akaipindua ekseli juu chini kama chapati. Tumbo likaja kushoto, vikakutana, akacheka peke yake kwa furaha.

Jumamosi jioni tukafanya majaribio. Vani iliinuliwa juu ya magogo, tairi zote ziko hewani. Mjomba akakaa kwenye usukani. Mimi nikaambiwa nichuchumae mbele niangalie. Sasa mwanangu, siku hiyo hiyo, kwenye kile kibanda cha video karibu na soko, kulikuwa na mkanda mpya wa karate. Wenzangu walishapita wakanipigia mluzi, wakapita tena. Mjomba akawasha injini, akavuta nondo ya kuingizia foo-wili, akaachia klachi.

"Mbele zinazunguka?" akauliza kutoka juu.

Nikaangalia. Zinaenda nyuma. Nikainama nikachungulia za nyuma. Zinaenda mbele. Nikajua hapa kuna kitu. Lakini nikajua pia kwamba nikisema, kila kilichofungwa kitafunguliwa, na mimi nitashika nati mpaka giza liingie. Nikaanza kujitetea moyoni: labda ni kwa sababu ziko hewani, hazina pa kukanyaga. Labda zikigusa chini zitafuata zile za nyuma. Mluzi ukapigwa tena kule njiani.

"Zinazunguka, mjomba."

"Vizuri?"

"Zinazunguka."

Akazima. Akashuka, akaipiga vani mgongoni kama mtu anayempongeza ndama, akasema, "Haya nenda, najua unawashwa." Nikakimbia. Jenereta la kibanda lilizimika kabla yule mbaya hajapigwa, na mpaka leo sijui alipigwa au vipi.

Wiki iliyofuata akaja mtu na baiskeli kutoka Mugeta. Nyangeta kiuno kinamuuma tangu alfajiri. Mumewe yuko ziwani kwa uvuvi. Mama hakuuliza la pili. Alitupa godoro nyuma ya vani, tukapanda, tukaondoka. Kwenda ilikuwa vumbi tupu, foo-wili hatukuihitaji. Mama alikaa mbele, anaangalia mbingu upande wa mashariki, anavua kiatu, anavaa, anavua tena. Nikagundua nimerithi kwa nani.

"Masatu, hii haina mwendo mwingine?"

"Dada, huu ndio wote."

Tulimkuta Nyangeta amesimama, ameshika mti wa boma kwa mikono miwili. Tukamlaza kwenye godoro, tukageuza. Mvua ikatudaka kabla hatujafika mbugani, na si mvua ya kusalimia. Udongo ule mweusi ukiloa haukuachii mguu, seuze gari. Vani ikaenda kidogo, ikapunguza, ikakaa.

"Sasa," Mama akasema. "Iwashe hiyo foo-wili yako."

Mjomba alikuwa ameisubiri siku hiyo. "Dada, tazama kazi." Akavuta ile nondo, akakanyaga mafuta.

Sijui nikueleze nini. Vani ilianza kurukaruka pale pale, kama mbuzi anayevutwa na watu wawili, mmoja kichwani na mmoja mkiani. Tope la tairi za mbele linarukia mbele, la nyuma linarukia nyuma. Kila ikijivuta inajichimbia zaidi. Kisha kukawa na mlio chini ya miguu yetu, chuma kimekatika, na injini ikabaki inalia bila kitu cha kusukuma. Mjomba akazima. Tukasikia mvua tu, na Nyangeta anavyovuta pumzi kule nyuma.

Tukashuka. Mjomba akaingia uvunguni, akatoka na tope mpaka kwenye nyusi. Shafti ya nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili. Akasimama anaangalia alama za tairi za mbele kwenye tope.

"Dada, hizi zilikuwa zinarudi nyuma. Lakini mimi nilizijaribu. Magesa alikuwa mbele, nikamuuliza." Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo. "Magesa."

"Naam, mjomba."

"Ulisema zinazunguka."

"Zilikuwa zinazunguka."

"Zinaenda wapi?"

Nilitafuta jibu jingine, mwanangu.

"Nyuma."

Mama alinitazama. Niliomba anipige kofi, maana kofi lina mwisho. Hakunipiga. Akamwangalia Mjomba, na Mjomba akasema kwa haraka, "Mimi ndiye niliyeipindua ekseli. Ningeshuka mwenyewe niangalie."

Sauti ya Nyangeta ikatoka nyuma ya vani. "Kama mnataka kumpiga, mpigeni upesi. Mimi nina haraka."

Mama akaanza kuzunguka vani, khanga amekunjia kiunoni, miguu peku, tope linampanda. Alizunguka, akarudi, akasimama mbele ya Mjomba.

"Masatu. Ukiweka gia ya mbele, hizi zinaenda nyuma."

"Ndiyo, dada."

"Na ukiweka ya nyuma, zinaenda wapi?"

Mjomba akaiangalia ekseli yake, akamwangalia Mama.

"Mbele."

"Basi weka ya nyuma."

Tuliingia uvunguni mimi na yeye, tukafungua kile kipande cha shafti kilichokuwa kinaning'inia, nikala tope kiasi ambacho sitakisahau. Tukakata matawi, tukayapanga mbele ya tairi za mbele. Mjomba akapanda, akaweka rivasi. Na vani ile, njuka wangu, ikatoka kwenye shimo ikiwa gia ya nyuma, inaenda mbele, inalia kama mtoto aliyenyimwa maziwa.

Mama akaniambia, "Wewe unapendaga kutembea. Tangulia, utuoneshe pa kukanyaga."

Nikatangulia kwa miguu, fimbo mkononi. Mjomba alitoa kichwa dirishani.

"Hapo panapitika?"

"Kushoto kuna shimo, linafika gotini. Kulia pana jiwe, ni gumu, nimelikanyaga. Katikati maji yanatembea, na kuna chura."

"Chura sijauliza."

"Yupo lakini."

Nikamsikia Nyangeta akicheka, kicheko kikakatika katikati, kikageuka kitu kingine. Nikakaza mwendo. Kisha ikafika sehemu sikumsikia kabisa, hata kulalamika. Nikageuka nyuma, nimetoa macho. Mama alikuwa amehamia kule kwenye godoro. Akasema, "Usiangalie huku. Angalia njia." Nikaangalia njia. Sijawahi kuiangalia njia namna ile. Kila jani nililiona.

Tulipotoka mbugani wakanipandisha. Gia ya nyuma haina mbio, na hata kwenye udongo mgumu baiskeli zilitupita. Zaidi ya hapo, gari likiwa rivasi taa nyeupe zinawaka kule nyuma, kwa hiyo kila aliyekuwa anatufuata alidhani tunamrudia. Mzee mmoja aliruka kutoka kwenye baiskeli yake akaingia kichakani, na alipotoka akakuta tumezidi kumwacha. Sijui aliwaeleza nini nyumbani.

Tukaingia hospitali ya Bunda giza halijashika. Wauguzi walimpokea Nyangeta mlangoni. Mimi na Mjomba tulikaa nje, yaani yeye alikaa, mimi nilizunguka ule uwanja hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia bado sijui. Kisha mtoto akalia ndani. Msichana. Alilia kwa sauti ya Mjomba Masatu, na Mjomba akavua kofia, akajifuta uso, akasema ni tope.

Huko Butiama siku hizi Mjomba wanamwita Fundi Rivasi, na anaitika. Ekseli aliishusha tena, akairudisha ilivyokuwa landrovani, akatafuta gia boksi inayotoa nguvu zake upande wa kulia. Nilishika spana siku zote hizo. Alipofika kwenye majaribio, alishuka mwenyewe kuangalia, kisha akanirudisha mimi niangalie, kisha tukaangalia wote wawili.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu. Jana mwalimu wa zamu alikuuliza kama pipa la jikoni lina maji, ukasema yapo. Nilikwenda kuchungulia. Yapo kweli, yanafika vidole viwili. Ulikuwa unataka kwenda mpirani, na mimi siwezi kukulaumu kwa kutaka kwenda mpirani. Lakini anayekuuliza hajakuomba neno. Amekuazima macho yako kwa sababu ya kwake yako kwingine, na akishakuamini ataondoka na jibu lako, ataweka watu juu yake na kuendesha. Ukimpa nusu, nusu nyingine atakuja kuikuta mbugani. Basi sema yote, na ukichelewa mpira, chelewa.

Baraka za kukupa sina, bado nazitumia mwenyewe. Nakupa zile nilizopewa. Jioni ile pale hospitali, Mama alitoka nje, akasimama chini ya bomba anajiosha tope miguuni. Nilikwenda nikasimama karibu yake, nimepanga maneno mengi. Hakuyasubiri. Alisema:

"Magesa, ukiulizwa, sema ulichokiona, hata kama kitakuchelewesha. Huyu amelia, kwa hiyo leo sikuchapi. Angenyamaza, sijui ningekuangaliaje, na ungekuwa bado ni mtoto wangu. Nenda ukamwone. Mungu akukuzie akili, urefu alishakupa."