Anakusanya choo cha wachanga, anamsubiri mjukuu Kibuta

Jua halijachomoza vizuri Vihingo, wilayani Kisarawe, na Sikudhani Mwinyimadi ameshakaa kwenye kigoda uani kwa watu, anasubiri mtoto apate choo.

Mtoto mwenyewe hana haraka. Ana wiki tano tu duniani, amelala mapajani mwa mama yake, Mwanamkuu, amenyonya na kushiba. Sikudhani ameshika kichupa chenye kijiko kidogo ndani ya kifuniko. Pembeni yake kuna boksi la barafu kama yale ya wauza samaki, ila hili limebandikwa karatasi ya mradi.

“Kazi hii haitaki papara,” anasema akicheka. “Huwezi kumwambia mtoto fanya upesi, gari linanisubiri.”

Sikudhani, mwenye miaka 51, ni mkulima wa Kibuta. Tangu mwaka jana analipwa posho ya Sh15,000 kila siku anayozunguka Kibuta, Vihingo na Pangani ya Kibaha, akikusanya choo cha watoto wachanga kwa ajili ya utafiti. Watafiti wanataka kujua kama bakteria wanaoishi tumboni mwa mtoto tangu siku za mwanzo wana uhusiano na mzio, ile hali ya mwili kukichukulia chakula cha kawaida kama sumu. Wanalinganisha watoto wa shamba na wa mjini.

Vijana wa kijiweni wamembatiza jina la Mama Pampasi. Huwa anaitika, tena kwa sauti.

Kinachomtoa jasho ni wakwe. Leo ni Bi Rukaya, mama mkwe wa Mwanamkuu, anayetoka ndani akikaza khanga yake, na uso wake hautaki mchezo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, mjukuu wangu hajatimiza arobaini. Kitu chake hakitoki nje ya nyumba hii.”

Kwa familia nyingi za huku hilo ni jambo zito. Kitovu, nywele, hata maji aliyoogeshwa mtoto hayatupwi ovyo, maana hujui nani atayafuata na ana nia gani. Mtu wa mjini anaweza kucheka. Sikudhani hacheki, kwani hata wanawe walitunzwa hivyo hivyo.

“Una haki, mama. Angekuwa wangu ningekujibu hayo hayo. Ila na mimi nina mjukuu. Nikusimulie habari zake, ukikataa naondoka zangu.”

Anasimulia. Miaka miwili iliyopita, msimu wa korosho kama huu, binti yake Tunu, anayeishi Pangani, alimleta Naila kulala kwa bibi. Naila alikuwa na miaka mitatu. Sikudhani alichoma korosho kwenye debe lililotobolewa, akabangua, na ile ya kwanza iliyotoka nzima akampa mgeni wake. Nyumbani kwake korosho ya kwanza ya msimu huliwa na mjukuu.

“Hakufika hata ya tatu. Midomo ikavimba, macho yakafumba, kifua kikawa kinapiga filimbi. Wengine wakasema kijicho. Nilimpakia kwenye bodaboda sina hata viatu.”

Hospitalini muuguzi alimchoma sindano na pumzi ikarudi. Siku hiyo ndipo walipolisikia neno mzio kwa mara ya kwanza. Tangu hapo Naila hajalala tena Kibuta. Tunu hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja, na hilo, anasema Sikudhani, ndilo lililomuuma zaidi.

Bi Rukaya amekaa mkekani bila kujijua.

“Sasa hicho choo ndiyo dawa yake?”

“Hapana, mama. Dawa bado. Wanatafuta kujua tu.”

Mtoto anajikunja, anaiva uso, kazi inafanyika. Wanawake watatu wanacheka kwa pamoja.

“Niletee hicho kichupa,” anasema Bi Rukaya. “Nitakifunga mwenyewe.”

Anachota kiasi cha harage, anafunga, anasoma maneno yake kwa sauti ya chini, kisha anakabidhi. Kilichobaki kinamwagwa kwenye choo cha nyumba hiyo hiyo, mbele ya macho yake. Huo ni utaratibu wa Sikudhani mwenyewe, na haupuuzi kwa yeyote.

Mchana, kwenye chumba cha mradi Kibaha, boksi linapokewa na mtafiti, Dk Latifu.

“Inaonekana bakteria hawa wanausaidia mwili wa mtoto kujifunza kipi ni mlo na kipi ni adui,” anaeleza. “Kuzaliwa kwa upasuaji, antibayotiki za mapema, vyakula, vyote vinaweza kuwabadilisha. Nasema vinaweza. Mengi bado hatujayajua.”

Naila alizaliwa kwa upasuaji, na mwaka wake wa kwanza karibu wote alikuwa akinywa antibayotiki za kifua. Sikudhani alishamuuliza Dk Latifu waziwazi kama ndiyo sababu. Akajibiwa kuwa kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema.

“Nilikasirika, sikufichi. Nilidhani nikibeba maboksi ya kutosha, iko siku watafungua moja wanikabidhi mjukuu wangu.”

Majirani wamemshauri ampe Naila korosho kidogo kidogo hadi azoee. Hospitali imewakataza kujaribu jambo hilo nyumbani, naye hataki hata kulisikia. Alichofanya ni kingine: mwaka huu hajaigusa korosho. Mikorosho yake amempa jirani, Hamidu, aivune wagawane nusu kwa nusu, na mavuno yote yanakaa kwa Hamidu. Debe la kuchomea ameligawa. Sufuria na mwiko amenunua vipya. Kwa mtu aliyekula korosho tangu hajaota meno, anasema, ni kama kufunga bila kufuturu.

Jioni anafika Pangani kwa Tunu. Naila, sasa ana miaka mitano, anasimama mlangoni na kunyoosha mkono kumzuia.

“Bibi, umenawa?”

Ndivyo anavyoulizwa kila akija, kabla ya kukumbatiwa. Anakwenda bombani, anasugua kwa sabuni, anarudi na kuonyesha viganja.

Tunu ndiye anayemshika mkono na kuugeuza. Msimu kama huu vidole vya mama yake huwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, hata sabuni haisaidii. Leo kucha ni nyeupe.

“Mama, hujabangua?”

“Hata moja.”

Tunu anaendelea kuushika ule mkono.

“Shule zikifunga Desemba tutakuja,” anasema hatimaye. “Mimi na yeye. Tutalala.”

Machozi yanamlengalenga Sikudhani. Anainuka, anarudi bombani na kunawa tena, ingawa safari hii hakuna aliyemuuliza.