Cheo cha Chetezo

Mwanangu, siku ile Mwalimu wetu alipofunga madirisha mchana kweupe, pale Mkunazini, naikumbuka mpaka leo. Majumba ya Michenzani ndiyo kwanza yanajengwa, nami msichana mwenye kiherehere, nimejiunga na halka ya dhikri, kikundi cha kumtaja Mungu pamoja, iliyokuwa ikisemwa mji mzima. Mara twafuga majini, mara tumekula viapo. Urongo mtupu! Tulikuwa tukisoma, tukilia kidogo, tukinywa chai ya mdalasini, na mke wa Mwalimu, Bi Shamsa, akitulindia mlango na kicheko chake kinachosikika hadi barabarani.

Lakini Mwalimu hakuwajibu watu. Alifunga madirisha, akatugeukia sisi.

"Wakitusema, jueni tuko sawa. Na ndugu yako akikusema, si ndugu yako tena."

Kisha akimwona mtu anasitasita, humpa cheo. Nilipoanza kukosa vikao vyetu vya Alhamisi, kimoja kimoja, nikafanywa mshika chetezo. Loo, nilivyovimba kichwa! Nikizunguka na moshi wa udi, chini sikanyagi. Baadaye ndipo nikagundua mle ndani hakuna asiye na cheo. Kulikuwa na msimamizi wa viatu, naye ana msaidizi.

Mambo yakaharibika mdogo wangu Saida alipoposwa. Mama hakutaka hata kusikia jina la halka, basi Mwalimu akakata shauri: nikienda harusini, nisirudi tena kwake. Saida akanishika mkono huku analia, "Dada, nani atanifukiza nguo zangu?" Roho iliniuma, mwanangu, maana wote niliwapenda.

Nikaenda Vuga kwa bibi yetu, mzaa mama, nikamkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana?"

Nikamweleza yote. Mkono wake haukuacha mchele.

"Watu wakikusemeni, mko sawa?"

"Naam."

"Na wakinyamaza?"

"Mwalimu anasema hapo wameshindwa. Tuko sawa."

"Haya. Sasa lini mtakuwa mmekosea?"

Bibi akacheka mpaka mchele ukamwagika, nami nikauokota huku nacheka.

Harusini nikaenda! Nikamfukiza Saida udi mpaka akakohoa. Nilipoingia uani kufuata pilau, nikasikia kicheko ninachokijua. Pembeni wamekaa wanawake watatu, mabuibui yamewafunika gubigubi: msimamizi wa viatu, msaidizi wake, na Bi Shamsa mwenyewe, mdomo umejaa nyama.

"We mtoto," akaninong'oneza, "hukuniona."

"Sikukuona, Bi Shamsa. Nikuongeze pilau?"

"Ongeza."

Mwanangu, sikwambii usimtafute Mungu pamoja na wenzio. Wala usiamini kila la barazani, maana sisi tulizuliwa mengi. Ila kundi lako likisemwa, angalia linavyojibu. Likifungua madirisha watu waone, kaa usome. Likiyafunga, likakwambia uchague baina yake na mdogo wako, chukua viatu vyako uondoke, hata kama vina msimamizi.

Mungu akupe umri na imani iliyotulia, akujaalie wenzio ambao ukitoka watakuombea safari njema, na ukirudi watakuuliza harusi ilikuwaje. Amin.