Umri wa Mbui

Siku ya mkutano wa wazazi shuleni, nilipomwona Wayua, kitu cha kwanza nilichokiona ni leso yake. Alikuwa ameizungusha kiunoni, kisha akaizungusha kwenye mpini wa mashine kuukuu ya kukata nyasi, akalifunga lile fundo ambalo akina mama hulifunga wakibeba mtoto mgongoni. Viti vya mkutano vilikuwepo, vimetolewa darasani. Yeye alikaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha mbele, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu la chuma. Langoni mwa shule kulikuwa na pikapu ya hoteli moja ya barabara ya Mombasa, nyuma iko wazi, inangoja kupakiwa.

"Mama Kanyiva, simama tuongee kama watu," Kyule, mwenyekiti wa bodi ya shule, alimwambia.

"Ongea tu. Masikio yangu hayako miguuni."

Wazazi walicheka. Kyule naye nusura acheke, lakini akakumbuka cheo chake.

"Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe."

"Nimemzuia nani? Njia ile pale. Pikapu ipite."

Mashine yenyewe haina injini. Ni magurudumu mawili ya chuma, na katikati visu vilivyopindwa ambavyo huzunguka unapoisukuma. Nyuma kuna rola ya mbao inayolaza nyasi. Wayua huiita Mbui, yaani mbuzi kwa Kikamba, kwa sababu kazi yake ni kula nyasi. Kwa Mbui huyo amekata nyasi za viwanja vya makanisa, zahanati na makaburi ya sehemu hii ya vilima vya Mbooni tangu baba yake alipoachia mpini. Mwanawe, Kanyiva, alisomeshwa na nyasi hizo. Mvua zetu zikinyesha vizuri, nyasi hupanda hadi magotini, na watu humtafuta Wayua kama wanavyomtafuta mkunga.

Hoteli ilitaka vitu vya zamani vya kupamba bustani: pasi za makaa, redio za mbao, cherehani za mkono. Mtu wao alipita shuleni, akamkuta Wayua akikata nyasi, akaipenda mashine. Aliahidi kwamba wakiipata, hoteli itailetea shule tangi kubwa la maji. Kyule hakuwa na nia mbaya. Watoto wetu huteremka bondeni na mitungi kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, na yeye aliliona tangi likisimama kando ya darasa la nane. Tena, kwa mawazo yake, mashine ilikuwa mali ya shule. Ililala katika stoo ya shule, ilipakwa rangi ya buluu ya shule, na marehemu Muli, baba yake Wayua, alikuwa mfanyakazi wa shule.

"Ilinunuliwa mpya shule ilipofunguliwa, mwaka wa Uhuru," Kyule alisema. "Marehemu baba yangu alikuwa kwenye kamati. Alikuwa akituambia ilitolewa kwenye sanduku ikimeremeta."

"Baba yako alikuambia pia kwamba anajua kuimba. Tulimsikia kanisani."

"Mama, tusitukanane. Wewe sema ilikuja lini."

"Ilikuja mwaka niliozaliwa. Mwaka wa njaa."

Hapo ndipo alipojikwaa, ingawa hakujua. Kwa Wakamba, msichana aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua, kutokana na neno yua, njaa. Wayua anapotaja mwaka wa njaa, kwake ni kama ametaja tarehe kamili. Lakini njaa zimekuwa nyingi, na kila njaa ina jina lake na akina Wayua wake.

Kyule alimwomba kitambulisho. Wayua alikitoa kwenye blauzi bila wasiwasi. Kyule alikisoma, akakiinua juu.

"Sitini na tano! Mmeona? Mama mwenyewe amezaliwa sitini na tano, na mashine ilikuja mwaka huo. Shule ilikuwa imeshafunguliwa. Amejijibu."

Wayua aliutazama mkono wa Kyule uliokuwa bado juu.

"Hiyo iliandikwa na karani," alisema. "Mimi niliandikwa na mama yangu."

Kisha akaeleza. Alipokwenda kuandikishwa akiwa msichana, karani alimwuliza alizaliwa lini, naye akamjibu vilevile alivyomjibu Kyule: mwaka wa njaa, si unaona jina langu? Karani alikuwa kijana. Aliandika njaa aliyoikumbuka yeye, ile ya mahindi ya njano, iliyokuja baada ya Uhuru. Wayua hakuwa wa njaa hiyo. Alikuwa wa njaa ya ndeke, njaa ya ndege, pale ndege za serikali zilipoleta magunia ya chakula kabla bendera haijabadilishwa. Hakurudi kurekebisha, kwa kuwa kuwa mdogo kwa miaka michache hakujawahi kumdhuru mwanamke yeyote.

"Leo kumekudhuru," Kyule alisema.

"Bado. Ngoja."

Alisimulia jinsi Muli alivyokuwa mfagiaji katika stesheni ya reli ya Emali, huko chini kwenye joto. Stesheni masta wake alikuwa anarudi kwao, akamwambia achukue mashine ya bustani maana hakuna atakayeihitaji. Muli aliisukuma kwa mikono kutoka Emali hadi vilimani. Mkewe alikuwa na mimba ya Wayua. Ng'ombe walikuwa wanakufa. Watu walitoka nje ya nyumba zao kumtazama mwanamume anayeleta mashine ya kukata nyasi mwaka ambao hata mbuzi wamekosa nyasi, na wengine, njaa na yote, walicheka hadi wakakaa chini.

"Baba akawaambia, huyu ni Mbui. Ni mbuzi pekee atakayeiona mvua. Na aliiona! Wenu walikuwa wapi?"

Shule ilipofunguliwa, Muli aliajiriwa kutunza uwanja. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na ilivuja, na stoo ya shule ilikuwa na paa la mabati. Ndiyo maana Mbui alilala shuleni. Rangi ya buluu ilibaki baada ya kupaka milango, na Muli hakupenda kutupa kitu.

Ilikuwa hadithi nzuri, lakini kila aliyeweza kuithibitisha amekwishazikwa, na juu ya makaburi yao Wayua ndiye anayekata nyasi. Mwishowe mwalimu mkuu akapendekeza jambo la busara: iulizwe mashine yenyewe. Ikiwa ilitengenezwa karibu na mwaka wa Uhuru, Kyule ana haki kusema ilinunuliwa mpya. Ikiwa ni kongwe kuliko hapo, ule usemi wa sanduku hausimami. Pikapu ikaondoka tupu, na Mbui akawekwa kwenye baraza ya kanisa, mahali ambapo hakuna upande unaodai ni pake.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya chuo kikuu, nikaombwa kusaidia kutafuta. Tuliikwangua rangi polepole, Wayua na mimi, yeye kwa kisu cha kumenyea mihogo. Chini ya buluu kulikuwa na kijani, na chini ya kijani, bamba dogo la shaba lenye jina la watengenezaji. Herufi nyingi zilikuwa zimelika, ila neno Uingereza lilisomeka. Nilipiga picha kila upande, nikazituma kwa chama kimoja cha huko cha watu wanaokusanya mashine kama hizo. Mzee mmoja alijibu siku hiyohiyo kwa furaha kubwa. Alisema rola ya mbao na muundo wa fremu vinaonyesha kwamba huenda mashine ilitengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Lakini watengenezaji hao walipiga chapa ya mwaka kwenye ncha ya ekseli, chini ya kifuniko cha shaba kinachobanwa na nati. Bila kuiona, hawezi kuapa.

Nilimsomea Wayua.

"Huyo mzee ana mashine ngapi?"

"Anasema zimejaa ghalani."

"Na mkewe anamvumilia?"

"Hajasema."

"Mwulize. Halafu umwambie yangu inafanya kazi, si pambo."

Kyule alisikiliza ujumbe uleule, akatikisa kichwa. "'Huenda' si ushahidi. Mimi pia huenda ni gavana."

Basi nati ifunguliwe. Fundi wa pikipiki aliletwa na spana zake. Ya milimita kumi na tatu ilicheza, ya kumi na mbili ikakataa kuingia. Alijaribu tena na tena, akatoka jasho, kisha akaiwasha grainda yake ya kukatia chuma, cheche mbili tatu zikaruka. Wayua aliweka kiganja chake juu ya ile nati.

"Anza na hapa," alisema.

Fundi aliizima.

"Mama, ni nati tu."

"Ukiikata, utakata na mwaka ulioandikwa chini yake. Halafu mwenyekiti ataniletea kitambulisho tena."

Nilituma picha ya nati kwa Mohamedamin, mwenye duka la vipuri kule Emali, ambaye watu wa lori humtafuta wakikosa kitu kila mahali. Akapiga simu mara moja, akaomba kuongea na mama mwenyewe.

"Mama, usimruhusu mtu na grainda. Hiyo nati ni ya inchi, si ya milimita. Spana za inchi ninazo, za babu yangu."

"Zitashika?"

"Zikikataa, nitaitafuna kwa meno. Nakuja Jumamosi, nikishafungua na kufunga duka. Sitaki kusimuliwa."

Kyule alikuwa amesimama karibu na simu, akayasikia hayo. Nadhani alichoshwa na kuonekana kama mtu anayemnyang'anya mama mzee. Akasema kwa mzaha, mbele ya wazee wa kanisa na akina mama wa kwaya, "Kama chini ya kifuniko kile kuna mwaka wowote wa kabla ya Uhuru, mimi mwenyewe nitamsukuma Mbui mpaka kwake."

Nyumba ya Wayua iko juu kabisa, mahali ambapo hata boda boda humshusha abiria na kumwambia amalizie kwa miguu.

"Rudia," Wayua alisema.

"Nimesema nitaisukuma."

"Mmesikia? Kyule, mwanangu, nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Mlima ule niliupanda nikiwa na wewe, na ulikuwa mzito. Jumamosi utapanda na Mbui. Kama mwaka ni wa Uhuru au baada yake, nitafungua leso yangu mwenyewe, na nitasaidia kupakia. Sitalia. Watoto wapate maji. Lakini kama ni wa kabla, tangi litafute mbuzi mwingine."

Kyule alinyoosha mkono. Wakashikana.

Siku iliyofuata, Wayua alifika barazani, akamchukua Mbui bila kumwuliza mtu, akakata nyasi za uwanja mzima wa shule, hadi chini ya dirisha la ofisi ambamo bodi ilikuwa imeketi. Mlio wa visu uliwafanya wapaze sauti. Kyule alipotoa kichwa nje, alimjibu kabla hajaulizwa:

"Kama ni ya shule, inafanyia shule kazi. Kama ni yangu, nimewasaidia. Endeleeni na mkutano."

Ninapoandika haya ni Ijumaa. Kila jioni Wayua ametia mafuta ya taa kwenye nati, kidogo kidogo, kwa unyoya wa kuku. Mohamedamin amepiga simu kuuliza kama ni kweli mtu atapanda mlima. Kwaya imehamisha mazoezi ya Jumamosi kutoka kanisani hadi kwenye kona ya tatu ya njia ya kwa Wayua, ile yenye mteremko mkali zaidi, na hakuna aliyeuliza sababu. Hata mwalimu mkuu ameuliza ni wapi patakuwa na kivuli.

Leo mchana nilimkuta Wayua mwenyewe njiani huko juu, ameinama, anaokota mawe na kuyatupa pembeni. Nilimwuliza kama hana hofu kwamba mwaka utakaotokea si ule anaoutaka.

"Mwaka haunijui mimi," alisema. "Baba yangu ananijua."

Akaokota jiwe lingine, kubwa kuliko ngumi, akalipima kwa macho.

"Hili nalo litoke. Kesho sitaki Kyule aseme amejikwaa."