Walitugawa Baada ya Nyama

Mwaka jana nilikuwa kwenye harusi pale Sirari, mjukuu wa mdogo wangu wa kiume anaoa. Nimekalishwa kiti cha mbele, kitenge kipya, goti linaniuma. Msemaji wa ukoo akashika kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, zamani hakukuwa na yatima. Mtoto alikuwa wa ukoo mzima. Siku hizi kila mtu na mke wake na watoto wake wawili, wamejifungia geti." Watu wakapiga makofi mpaka turubai likatikisika. Mimi sikupiga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu katika hiyo zamani yake. Ngoja nikueleze wewe, maana pale hawakunipa kipaza sauti.

Boma letu lilikuwa upande wa Kemambo, nyumba mbili za nyasi zinatazamana, zizi katikati. Babu, ambaye mimi sikumkuta, aliacha wajane wawili. Mkubwa alikuwa na wana, na mwanawe wa kwanza, tuliyemwita baba mkubwa, ndiye aliyeshika fimbo ya boma. Mjane mdogo ndiye bibi yangu. Alizaa mabinti tu, wakaolewa mbali. Kwetu mwanamke wa namna hiyo hakai akalia. Alichukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake, akamwoa mama yangu, ili mama azae watoto wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Kwa hiyo ukiniuliza baba yangu nani, jibu langu ni bibi. Mwanamume alikuwapo, alikuja na kuondoka, lakini ng'ombe walikuwa wa bibi na sisi tulikuwa wa bibi. Hakuna aliyecheka.

Nakumbuka harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi, ndama wakipumua karibu na miguu yetu, na ugali wa ulezi, mweusi, mzito, unaokaa tumboni hadi kesho. Nakumbuka zaidi ugomvi. Bibi na mke mwenzake waligombana kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya kuni, kwa ajili ya mavi ya ng'ombe ya kupaka sakafu. "Kuku wako ana macho kama wewe, hajui mpaka!" bibi alikuwa akipiga kelele. Na yule wa ng'ambo ya zizi alikuwa akijibu, "Mfundishe wako kwanza, ni kiziwi kama mwenyewe!" Tulilala tukisikia hayo kama watoto wengine wanavyosikia nyimbo.

Mama alikufa akimzaa mdogo wetu wa mwisho, msichana. Bibi akatulea watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na huyo kadogo, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka watu wakasema nina mgongo wa mama mzazi. Kadogo kalipofika miaka mitano, bibi naye akafa, msimu wa palizi.

Walichinja ng'ombe. Unajua kwetu nyama ya msiba haigawiwi ovyo, kila jamaa ana kipande chake, na akipewa kingine kuna kesi. Wazee walikaa, kila mmoja akapata chake, wakala. Halafu, kabla mafuta hayajakauka mikononi, wakatugawa sisi.

"Huyu mvulana atanichungia," alisema baba mkubwa. "Huyu mkubwa namchukua pia. Miaka miwili tu, ataleta ng'ombe."

Mjomba wetu, kaka wa mama, alikuwa amevuka mpaka kutoka Isebania. Alijipangusa mdomo. "Basi mimi nipeni haka kadogo. Mke wangu amejifungua, hana wa kumshikia mtoto."

Kadogo mwenyewe alikuwa mtoto wa kushikwa! Nikauliza, "Na nyumba ya bibi?"

"Nyumba gani?" alisema baba mkubwa. "Imekwisha hiyo."

Huo ndio ukoo mzima uliopigiwa makofi. Kesho yake asubuhi mjomba aliondoka na mdogo wangu, amemshika mkono, naye anageuka nyuma kila hatua tatu, akidhani ninakuja.

Mimi sikuhama. Nilikataa kulala kwa baba mkubwa. Kila jioni niliwasha moto katika nyumba ya bibi, hata kama sina cha kupika, ili moshi uonekane. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuja mara mbili. "Unapoteza akili yako, binti," alisema. Nikamjibu, "Shikamoo mwalimu," nikaendelea kusaga. Ningemwambia nini?

Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya vijiji. Mgambo walipita wakituambia tubomoe tuhamie barabarani, mahali viwanja vilipopimwa kwa kamba, vimenyooka kama mistari ya daftari. Kila kaya kiwanja kimoja. Tulipanga foleni mbele ya meza ya karani, kijana mgeni, suruali imepigwa pasi. Baba mkubwa aliniambia, "Wewe funga mdomo. Nitawaandikisha kwangu." Nikajua nikiandikwa kwake, ndiyo basi. Nikamruka kwenye foleni.

"Mkuu wa kaya nani?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

"Bibi yangu."

"Yuko wapi?"

"Anaumwa mgongo. Hawezi kusimama." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Wote waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamekula nyama ya msiba wake.

"Na baba yako?"

"Huyo huyo bibi. Yeye ndiye aliyemwoa mama."

Hapo akainua kichwa. "Bibi kamwoa mama? Nyie Wakurya mna mambo! Kwetu familia ni baba, mama na watoto."

Fundi cherehani Mwislamu kutoka Tarime mjini, aliyekuja kushonea watu pale kijijini, alikuwa ameegemea mashine yake. "Karani," alisema, "mimi baba na mama walikuwa hai wote wawili, nikalelewa na dada yake mama kwa sababu yeye hakuzaa. Kwenu wewe ulilelewa na nani, na fomu?" Watu wakacheka. Karani naye akacheka kidogo, kwa aibu.

Lakini baba mkubwa alikuwa ameshatoka kwenye foleni. "Karani, huyu mtoto ni mwongo, bibi yake..."

"Nyamaza!" Sauti hiyo ilikuwa ya mama yake mzazi, yule mke mwenza, aliyekuja akiburuta fimbo. "Mke mwenzangu anaumwa mgongo. Asubuhi nimempelekea uji. Andika, mwanangu."

Foleni nzima ikatazama chini. Karani akaandika. Aliandika bibi mkuu wa kaya, na wajukuu watatu. "Wa tatu yuko wapi?" "Amekwenda kutembea kwa mjomba," nilisema.

Baadaye nilimuuliza yule bibi mkubwa kwa nini alinisaidia. Alitema mate pembeni. "Tumegombana miaka yote hiyo. Nyumba yake ikifa, mimi nitagombana na nani?"

Basi marehemu akapata kiwanja. Akagawiwa jembe. Akaitwa kwenye mikutano, nami nikaenda badala yake. Mdogo wangu wa kiume akarudi kwangu, kwa sababu karatasi ilisema ni wa kaya ya bibi, na baba mkubwa hakuthubutu kumwita mama yake mwongo mbele ya watu.

Karatasi haikuvuka mpaka. Nilitembea mpaka Isebania na mbeleko ya bibi kumfuata kadogo. Mjomba alinikuta uani. "Tangu lini mtoto akamlea mtoto?" aliniambia. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mtoto wa mke wa mjomba mgongoni mwake, amefungwa kwa kitambaa. Nilirudi na mbeleko imekunjwa kwapani. Nimeikasirikia njia ile hadi leo.

Lile boma sasa ni shamba la mahindi, hata mafiga huyaoni. Bibi mkubwa na ulimi wake hayupo, na siku hizi hata wa kugombana naye ng'ambo ya zizi huna. Hilo ndilo ninalolililia. Hiyo zamani ya msemaji wetu siililii.

Pale harusini, baada ya makofi, ukafika utambulisho. Familia ya bwana harusi ikasimama, mimi na mdogo wangu wa kiume mbele. Kisha msemaji akaita, "Na wageni wetu kutoka Isebania, wasimame tuwaone!" Nikageuka. Katika wale waliosimama, mzee kama mimi, kilemba cha kijani, alikuwa mdogo wetu wa mwisho, yule kadogo.

Nikamwendea, goti na maumivu yake. "Usisimame huku," nikamwambia. "Wewe si mgeni. Njoo mbele."

Akanishika mkono, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mwenyeji. "Hakuna shida, dada. Mimi nimezoea huku."