Nukta za Njano Zilizomfunga Shemeji Mdomo

Chamgei nyote hapa kanisani. Leo siimbi, naongea tu. Na nafurahi shemeji yangu Kiprono ameketi pale mbele, kila mtu anamwona.

Mnanijua, mimi Mama Chebet. Kabla niugue, nikichuma chai niliwaacha vijana nyuma. Halafu nguvu zikaisha. Jasho likawa linalowesha blanketi. Nikionja ugali kidogo, nimeshiba. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, kukavimba kukawa kugumu kama kiazi cha Londiani. Nilikonda mwili wote, nikabaki tumbo.

Shemeji akaanza. Mume wangu marehemu alikuwa kaka yake, kwa hivyo yeye ndiye wa kusimama na Chebet kwa koito, pale familia mbili zinapokaa kuposana. Badala yake akaenda kwa wakwe, wazazi wa kijana aliyemposa Chebet, akawaambia, "Ile nyumba iko na laana kwa damu. Mama ameoza, msichana atafuata." Wakavunja posa. Chebet alilia mpaka macho yakafura. Nikaapa sifi kabla huyu mtu hajameza maneno yake.

Hospitali wakasema ni saratani ya damu, bandama ndiyo imevimba. Wakatuma damu Nairobi, ikarudi picha ya seli zangu. Daktari, mwanamke mpole, akaniwekea mezani.

"Mama, tumetia rangi jeni mbili. Nukta nyekundu hukaa kwa kromosomu ya tisa, ya kijani kwa ya ishirini na mbili. Seli yenye afya huziweka mbalimbali. Sasa angalia zako."

Zilikuwa zimeshikana, zikatoa njano.

"Kromosomu zilikatika, zikabadilishana vipande. Ugonjwa uko hapo."

"Nilizaliwa hivyo?"

"Hapana. Ilitokea kwa seli ya damu baadaye. Mtoto wako hawezi kurithi."

Nikamwambia, "Daktari, rudia hapo. Polepole." Nikaomba nakala kubwa.

Vidonge nilimeza kila siku. Nilitapika, miguu ikakazana, uso ukafura. Nikameza tu. Uvimbe wa tumbo ukaisha. Walipopima tena, nukta za njano hazikuonekana.

Ndipo nikawaita wale wakwe. Shemeji akaja, akakalia kiti cha baba ya msichana. Kabla maziwa ya mursik hayajamiminwa nikampa picha. "Shemeji, wewe ndiye uliwaambia habari ya damu. Waonyeshe."

Akaonyesha nyekundu, kijani, njano, na mimi namsahihisha.

Nikamuuliza, "Na Chebet anaweza kurithi?"

"Hawezi."

"Hatujasikia."

"Hawezi!"

Aki nilifurahi, na sioni haya kusema. Wakwe wakarudisha posa, na leo Chebet ameolewa kwao Bomet.

Kongoi kwa Mungu, kongoi kwa daktari. Na wewe uliye na tumbo linalovimba na watu wanaongea, nenda upimwe. Dawa usiache hata ukijisikia mzima.

Pasta ameniambia nisamehe. Nitasamehe, pasta, naombea hiyo. Lakini picha nimeitundika sebuleni, na shemeji akija chai, kiti chake ni kile kinachoitazama.